Injini Isiyopenda Kurudi Nyuma

Sigi, chini ya msitu wa Amani, nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni bado imesimama. Siku hizi hupokea wageni wa hifadhi wanaokuja kutazama vipepeo na miti mikubwa ya Usambara Mashariki. Zamani za Wajerumani palikuwa mwisho wa reli nyembamba, upana wake sentimita 75 tu, iliyotoka Tengeni kwenye reli kubwa ya Tanga na kupanda zaidi ya kilomita 20 kufuata magogo. Mlima haukuwapa wajenzi nafasi ya kupiga kona pana, kwa hiyo wakatumia hila ya zamani. Treni inaingia kwenye kipande cha reli kisichokwenda popote, inasimama, njia inageuzwa nyuma yake, kisha inapanda kinyumenyume kwenye ngazi inayofuata. Mbele, simama, nyuma, simama, mbele tena.

Mwendo huo ungekuwa mtihani mgumu kwa aina moja ya injini iliyowashughulisha wahandisi wa dunia tangu mwanzo wa karne ya 20 hadi 1958: garimoshi linaloendeshwa kwa turbini ya mvuke. Ilijaribiwa Italia, Sweden, Ujerumani, Uingereza, Argentina na Marekani. Tanga haikufika, wala Moshi. Hata hivyo, Usambara na reli inayopita miguuni pake vinaeleza kushindwa kwake vizuri kuliko michoro mingi ya uhandisi, maana karibu kila kitu ambacho turbini hukichukia kipo hapa: mwinuko, kusimamasimama, kurudi nyuma, ukame na joto la bondeni.

Reli yenyewe ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, upana wa mita moja. Ilifika Muheza mwaka 1896, kampuni iliyoijenga ikaishiwa fedha, na mwaka 1899 serikali ya kikoloni ikaichukua. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, na Moshi 1911, kilomita 352 kutoka baharini. Lushoto, ambayo Wajerumani waliita Wilhelmsthal, haikupata reli. Abiria alishuka Mombo, mahali penye mwinuko wa takriban mita 400, na kilomita 33 zilizobaki hadi Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, zilikuwa za barabara ya korongoni. Kwa hesabu ya wastani ni kupanda mita 3 kwa kila mita 100, na mahali pengine zaidi. Mbao za mwangati za Shume hazikungoja treni ipande kuzifuata. Kampuni ya Wilkins na Wiese iliweka kamba ya chuma ya yapata kilomita 9, magogo yakaning'inia hewani na kuteremka hadi Mkumbara kwenye reli.

Basi ni kitu gani kinachoiwezesha injini ya kawaida ya mvuke kuhangaika na mlima, na kuishinda turbini?

Injini ya kawaida ni kazi ya kusukuma. Boila huchemsha maji, mvuke wenye shinikizo huingia kwenye silinda na kuisukuma pistoni, pistoni huivuta na kuisukuma konrodi, na konrodi huzungusha gurudumu. Treni inapoondoka, dereva huacha mvuke uingie silindani karibu kwa safari nzima ya pistoni, na shinikizo lote la boila hufanya kazi hata kabla gurudumu halijasogea. Ikishashika mwendo, anasogeza wenzo wa valvu ili mvuke ukatwe mapema. Kiasi kilichokwisha kuingia hutanuka chenyewe na kumalizia kazi, na hapo ndipo mafuta na maji huokolewa. Wenzo huohuo ukipelekwa upande wa pili, mpangilio wa mvuke hugeuka na injini hurudi nyuma kwa nguvu ileile iliyoendea mbele. Hakuna mtambo wa ziada. Ni fimbo moja mkononi mwa mtu mmoja.

Ubaya wake unajulikana. Vyuma vizito vinavyokwenda na kurudi huitikisa injini na kuigonga reli. Mvuke hutoka kwenye bomba la moshi ukiwa bado na joto jingi, na kwa kawaida chini ya asilimia 10 ya joto la tanuru ndiyo hugeuka kuwa nguvu ya kuvuta. Mhandisi aliyeiona turbini ikifanya kazi kwenye meli au kituo cha umeme alitazama hesabu hiyo kwa aibu.

Turbini haina kwenda na kurudi. Mvuke hupitishwa kwenye midomo membamba, shinikizo linageuka kuwa kasi, na mkondo wake hupiga mapanga yaliyopinda kuizunguka rota. Mkondo huo huweza kukimbia mamia ya mita kwa sekunde. Panga linalotaka kuchuma sehemu kubwa ya nguvu hiyo nalo lazima likimbie, takriban nusu ya kasi ya mvuke unaolipiga. Likisimama, mvuke bado unalisukuma, tena kwa nguvu isiyo haba, ila hakuna kazi inayofanyika. Ni sawa na mtoto wa Tanga aliyezuia feni yake ya makuti kwa kidole: anasikia upepo ukiisukuma, na upepo wote unapita bure. Kusukuma kupo na mvuke unaliwa kama kawaida, lakini faida ni sifuri. Kupanga safu nyingi za mapanga moja baada ya nyingine hupunguza kasi inayohitajika, lakini hakuondoi tabia hiyo.

Charles Parsons alitengeneza turbini yake ya kwanza Uingereza mwaka 1884 kwa ajili ya kuzalisha umeme. Mwaka 1897 alipeleka chombo chake kidogo, Turbinia, kwenye gwaride la meli za kivita za Malkia Victoria, kikazipita mbio boti zote zilizotumwa kukifukuza. Baada ya hapo bahari ikawa mali ya turbini. Meli za abiria Kenya na Uganda za kampuni ya British India, zilizoanza safari mwanzoni mwa miaka ya 1950 kati ya London na bandari za Afrika Mashariki, zilisukumwa na turbini za mvuke. Meli huufaa mtambo wa namna hii. Ikishatoka bandarini hukata siku nzima kwa mwendo mmoja, hukutana na bandari mara chache, na ina bahari nzima ya kupozea mvuke wake.

Reli ya kupitia Mombo haina hata kimoja cha hivyo. Chukua garimoshi lenye magurudumu ya kipenyo cha mita 1.2 likipanda kwa kilomita 30 kwa saa. Gurudumu linazunguka yapata mara 130 kwa dakika. Turbini ya garimoshi maarufu la Uingereza, namba 6202, ilizunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika lilipokuwa kwenye mwendo wake mkubwa. Katikati ya namba hizo mbili lazima ziwepo gia, zilizochongwa kwa usahihi wa saa ya mkononi lakini zikibebeshwa uzito wa treni nzima, na zote zioge oili bila kukatika.

Hiyo 6202 inastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ni kati ya zilizokaribia zaidi kufaulu. Mhandisi William Stanier aliiunda kwenye karakana ya Crewe mwaka 1935, na kazi yake ilikuwa treni za haraka kati ya London na Liverpool. Upande wa kushoto ilikuwa na turbini kubwa ya kwenda mbele. Dereva hakuwa na wenzo wa kukata mvuke mapema. Alifungua midomo ya mvuke, mmoja, miwili, hadi sita, kulingana na nguvu aliyoihitaji. Ilikuwa tulivu. Mvuke wake haukutoka kwa mapigo yale yanayosikika maili nzima, bali kwa pumzi moja ndefu, na magurudumu hayakuigonga reli. Kwa abiria ilikuwa raha tupu, na kwa wafanyakazi wa njiani ilikuwa jambo la kuwa macho, kwa kuwa garimoshi lisilopiga kelele hufika kabla halijasikika.

Upande wa kulia palikuwa na turbini nyingine, ndogo. Hiyo ilikuwa ya kurudi nyuma. Turbini haiwezi kugeuzwa, kwani mapanga yake yamepindwa kupokea mvuke kutoka upande mmoja tu. Anayetaka kurudi nyuma lazima abebe turbini ya pili, au aongeze gia za kugeuza mzunguko. Stanier aliifanya ile ya pili kuwa ndogo kwa sababu garimoshi lake lilirudi nyuma kwa ajili ya kuunganisha mabehewa stesheni tu, na turbini hiyo iliunganishwa na gia pale tu injini ilipokuwa imesimama kabisa. Hata hivyo, turbini hiyo ndogo, yenye kazi ndogo kuliko zote, ndiyo iliyosumbua mafundi mara kwa mara.

Sasa ipelekwe kwenye reli ya Sigi, kwa mawazo tu. Kila inapobadilisha ngazi mwelekeo unageuka, na sehemu ya mlima inapandwa kinyumenyume na mzigo uleule nyuma au mbele. Turbini ndogo ya kurudi nyuma haitoshi. Inahitajika kubwa sawa na ya mbele, na gia zake, na mabomba yake, na wakati wote moja kati ya hizo mbili itakuwa uzito unaobebwa bila kufanya kazi. Kila kusimama ni kuanza upya kutoka sifuri, pale ambapo turbini hunywa mvuke kuliko mahali pengine popote. Injini ndogo ya pistoni, chafu na yenye ulafi kama ilivyo, ingekuwa imeshafika juu na kuanza kupakia.

Wamarekani walikutana na ukweli huo kwa gharama kubwa zaidi. Mwaka 1944 kiwanda cha Baldwin kiliipa reli ya Pennsylvania garimoshi la turbini, S2, lenye nguvu ya farasi 6,900. Kwenye tambarare, kwa mwendo wa kasi, lilikuwa la ajabu, laini na lenye kuvuta bila kuchoka. Lilipoondoka stesheni lilifyonza mvuke hadi shinikizo la boila likaporomoka. Kuporomoka na kupanda kwa namna hiyo kila siku kulikatakata misumari ya chuma inayoshikilia kuta za tanuru. Liliundwa moja tu, na kabla ya miaka 10 lilikuwa limeshakuwa chuma chakavu.

Upo upande mmoja ambao turbini ingeweza kuitetea kesi yake hata huku, nao ni maji. Mvua ya Bahari ya Hindi huishia milimani. Ng'ambo ya Usambara, kwenye nchi ya Mkomazi kuelekea Same, kinabaki kichaka cha miiba. Garimoshi la kawaida hutupa mvuke wake wote angani na kulazimika kujazwa maji stesheni kwa stesheni, na maji ya nchi kavu mara nyingi yana chumvi inayoacha magamba ndani ya boila. Msweden Fredrik Ljungström alikuwa na jawabu tangu 1921. Garimoshi lake la turbini lilipokea mvuke uliokwisha kazi, likaupoza ukawa maji, likayarudisha maji yaleyale kwenye boila. Mwaka 1925 kiwanda cha Nydqvist na Holm kilijenga moja la aina hiyo kwa ajili ya nchi kavu ya kaskazini mwa Argentina, kwenye reli ya upana wa mita moja, upana uleule wa reli ya Tanga. Hilo ndilo lililokuwa karibu zaidi na mahitaji ya hapa.

Kupoza mvuke kuna faida nyingine kuliko kuokoa maji. Mvuke unapogeuka maji ndani ya chombo kilichofungwa, shinikizo hushuka chini ya lile la hewa ya nje, na turbini inapata nafasi ya kuchuma nguvu zaidi kabla mvuke haujaisha. Ukipozwa hadi nyuzi 45 za Selsiasi, shinikizo hufika karibu sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa. Ukiishia nyuzi 70, linabaki karibu theluthi moja, na sehemu kubwa ya faida imepotea. Kinachoamua ni hewa inayopuliza kwenye kipozeo. Katika majira ya baridi ya Sweden kazi hiyo ni rahisi. Bondeni Mkomazi, mchana wa Februari, hewa yenyewe imeshachemka. Baridi ya kufaa ipo Lushoto, ambako reli haikupanda, na mtu anaweza kusamehewa akihisi kwamba mlima huu ulipanga mambo makusudi.

Kisha lipo tatizo la moto. Katika garimoshi la kawaida mvuke uliotumika hurushwa juu kupitia bomba la moshi, na unapotoka huvuta hewa ipite tanuruni. Kadiri injini inavyofanya kazi ngumu ndivyo moto unavyowaka zaidi, bila mtu kugusa kitu. Ni mpango wa ajabu kwa urahisi wake. Ukishauhifadhi mvuke ili uupoze, moto unakosa pumzi, na lazima uongeze feni ya kuuvutia hewa. Hapo tayari kuna turbini, gia, kipozeo, pampu na feni mbili au tatu, kila kimoja na beringi zake na siku yake ya kuharibika.

Afrika Kusini ilichukua nusu ya wazo hilo na kuacha nusu nyingine. Kuanzia 1953 ilinunua magarimoshi 90 ya daraja la 25 kwa ajili ya kuvuka jangwa la Karoo. Magurudumu yao yalizungushwa na pistoni za kawaida, lakini mvuke uliotoka silindani ulipita kwanza kwenye turbini ndogo iliyozungusha feni ya tanuru, ukaenda kwenye tenda ndefu, yaani behewa la makaa na maji, ukazungusha huko turbini nyingine ya feni za kupozea, ndipo ukageuka maji. Yalifanya kazi kweli, kwa miaka mingi. Matengenezo yake yalikuwa mzigo, kwani majivu yaliyala mapanga ya feni, na injini za dizeli zilipoingia Karoo, mengi yalibadilishwa yakawa ya kawaida.

Wahandisi wa reli ni watu wasiokubali kushindwa mapema. Kama gia ndizo zinazosumbua, walisema Wamarekani, ziondolewe. Turbini izungushe jenereta kwa kasi yake ya kudumu, umeme uende kwenye mota za magurudumu, na kurudi nyuma kuwe suala la kugeuza umeme tu. Kwa wazo ni jawabu kamili la tatizo la Sigi. Mwaka 1954 reli ya Norfolk na Western iliwasha garimoshi la namna hiyo, likaitwa Jawn Henry, lenye urefu wa karibu mita 49 na nguvu ya farasi 4,500. Lilipanda milima ya Virginia vizuri kabisa. Lakini lilikuwa limebeba mgongoni kituo kizima cha umeme, pamoja na vumbi la makaa yake, na vumbi na maji havielewani na mota za umeme. Liliondolewa kazini mwanzoni mwa 1958.

Wakati huo Afrika Mashariki ilikuwa imeshachagua njia yake. Shirika la Reli na Bandari za Afrika Mashariki lilitaka nguvu kubwa kwenye reli ya mita moja yenye kona kali, likaagiza Manchester, kwa Beyer, Peacock, magarimoshi 34 ya Garratt ya daraja la 59. Yalifika kuanzia 1955. Boila moja nene ilining'inia katikati ya seti mbili za silinda na magurudumu, kila seti ikifuata kona kwa uhuru wake, na uzito wote ulikuwa yapata tani 250. Yalichoma mafuta mazito na kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi. Yalipewa majina ya milima, na moja, namba 5930, liliitwa Shengena, kilele cha Upare kinachotazamana na Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Bado lipo kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Hakuna turbini kwenye magurudumu yake. Ni pistoni zilezile za tangu enzi za babu, zimeongezwa mara mbili.

Turbini hata hivyo ilikuwepo kwenye magarimoshi makubwa ya mvuke ya kizazi hicho, mahali ambapo watu hawakuitazama. Juu ya boila palikaa kichuma kidogo kilichozomea kwa sauti nyembamba injini ilipokuwa imesimama stesheni usiku. Ilikuwa turbini yenye rota ndogo, iliyozungusha dinamo ya taa kubwa ya mbele na taa za dereva. Kazi hiyo iliiweza bila lawama. Mzigo wa taa haubadiliki, haupandi mlima, haurudi nyuma, na kasi ni ileile kutoka machweo hadi alfajiri.

Vituo vya umeme vya Mto Pangani, chini kabisa ya milima hii, vinafuata kanuni hiyohiyo kwa maji badala ya mvuke: Hale, ya mwaka 1964, megawati 21, na New Pangani Falls, ya mwaka 1995, megawati 68. Turbini zake zimefungwa sakafuni na huzunguka kwa kasi moja. Kinyerezi II, Dar es Salaam, megawati 240, ina turbini za gesi, na joto linalobaki huchemsha maji ya turbini za mvuke. Yote hayo huingia kwenye gridi ya taifa, na gridi hiyo, tangu 2024, ndiyo inayovuta treni za reli mpya kutoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Kwa hiyo Tanzania inayo treni inayoendeshwa kwa sehemu na turbini ya mvuke. Turbini imebaki Kinyerezi na kipozeo chake, gia za kuiunganisha na magurudumu hazihitajiki, na mota zilizo chini ya kichwa cha treni hurudi nyuma kila dereva anapotaka.

Reli ya Tanga bado ni ya dizeli. Treni ya abiria kati ya Dar es Salaam na Moshi ilirudi Desemba 2019, baada ya zaidi ya miongo miwili ya ukimya, na inapita Korogwe na Mombo kwenye njia ya mita moja iliyopimwa na Wajerumani. Injini yake ya dizeli huzungusha jenereta, na jenereta hulisha mota za magurudumu. Ni mpango uleule wa Jawn Henry, bila boila, bila makaa na bila vumbi. Serikali imekuwa ikizungumzia pia reli ya kisasa ya Tanga, Arusha na Musoma. Abiria wa Lushoto, hata hiyo ikijengwa, atashuka Mombo na kutafuta gari la kupanda.